Niliyaanika Machozi ya Dada Yangu kwa Maikrofoni

Mimi ndiye niliyekosa. Msimsingizie shetani, siku ile alikuwa mapumzikoni, kazi yake niliifanya mimi.

Nauza samaki wakavu hapa Lodwar. Hakuna wa kunipunja: mzigo ukifika kutoka Kalokol, kule ziwani, nauhesabu, halafu nauhesabu tena dereva akinung'unika. Lakini ulimi wangu, jamani, niliuachilia tu!

Tulikuwa na kikundi cha maombi, akina mama wa mtaa mmoja. Kila Alhamisi tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu, kila mtu anataja mzigo wake, na aliyeketi kando yake anamwombea. Linalosemwa pale linabaki kwa Mungu.

Mimi niliketi na Mama Akiru, dada yangu katika maombi. Siku moja alilia, akasema mumewe, dereva wa lori la chakula cha msaada, amerudia pombe. Nilimshika mkono nikamwombea mpaka sauti ikakauka.

Kisha siasa ikaingia. Yeye na mumewe upande ule, mimi upande huu. Maombi yakageuka vijembe.

"Mama Samaki," akanitania mbele ya wote, "huyo mtu wako atawapa nini zaidi ya leso?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilinuna, na leso nikaivaa.

Mgombea wetu alipokuja, nikaitwa kufungua mkutano kwa maombi. Nilikuwa nimeahidiwa kibanda katika soko jipya, nikaona niombe maombi yanayolingana na kibanda! Nikashika maikrofoni:

"Baba, wakumbuke wale wa upande ule. Mkumbuke dereva wao wa lori, ambaye mkewe hulia kwetu kwa sababu ya chupa. Mfungue, Bwana!"

Umati ukaitikia "Amina!" huku ukiangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Mwajiri wa yule dereva hakutaka ushahidi mwingine. Lori akapewa mtu mwingine. Nyumba ya kupanga ikawashinda, wakahamia Kakuma, na Mama Akiru sasa anauza makaa kando ya kambi ya wakimbizi.

Wale wagombea wawili? Siku hizi wanaketi meza moja, wanaitana ndugu! Kibanda changu bado kiko mdomoni mwa mheshimiwa. Kikundi chetu kilikufa.

Mwaka huu nimepata uvimbe kwenye titi. Nikahesabu wa kuniombea. Nikahesabu tena. Hakuna.

Nikapanda gari kwenda Kakuma.

"Ejok, Mama Samaki," alinisalimu, akaniwekea chai yenye sukari tele. Nilipiga magoti vumbini, nikalia.

"Nilishakusamehe, mama. Inuka. Chai inapoa."

Nikamweleza kuhusu uvimbe. Nikamsihi tuombe pamoja kama zamani. Mikono yake, myeusi kwa makaa, aliiacha mapajani.

"Omba wewe. Lakini mimi, nikiwa na wewe, sifungi macho tena."

Nilijaribu. Nilisema "Baba," nikaishia hapo.

Enyi mnaoshiriki maombi, mpigieni kura mnayemtaka, bishaneni hata mchoke! Lakini mwenzako akikulilia mbele za Mungu, chozi lile usilipeleke kwa jukwaa la mtu. Mheshimiwa hatakusindikiza popote.

Jumatatu naenda kukatwa huo uvimbe. Daktari aliniuliza nitakuja na nani. Nikamwambia nitakuja mwenyewe.