Leso ya Mkono wa Kulia

Nikisimama kwenye foleni ya kusagisha unga poshomili, vumbi la mahindi makavu likiingia puani, kidole gumba changu cha kushoto huanza kuwasha.

Siku moja nikiwa mdogo, tulikuwa tumeketi uani juu ya gunia, mimi na binamu zangu, tukipukuchua mahindi kwa mikono. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mlegevu tangu nizaliwe. Daktari wa mazoezi alimwambia mama aufunge ule mzima, ili huu mvivu ulazimike kufanya kazi. Basi mama akanifunga wa kulia kifuani kwa leso, akaniwekea hindi mapajani kama wenzangu.

Punje zilikataa kutoka. Hindi liliteleza, nikaliokota, likateleza tena. Binamu zangu walikuwa wanajaza debe. Mimi sikuwa nimefunika hata kitako cha kikombe.

Shangazi, aliyekuja kututembelea kutoka Ziwa, alishindwa kuvumilia.

"Kwani huyu ni mtoto ama ni mfungwa?" akamfokea mama. Akaifungua leso, akaitupa chini, akanishikisha chai kwa mkono wa kulia. "Kunywa, mwanangu. Huo mwingine umekufa, wachana nao."

Mama aliniangalia.

Niliiweka chai chini. Nikainyooshea leso ule mkono uliokufa. Ikanitoroka. Nikaifuata, nikaikunja ndani ya vidole hadi ikakubali kuinuka, nikampelekea mama.

"Nifunge," nikasema, nikimtazama shangazi. "Na ukaze."