Kidole cha Mshika Saa

Kwa miaka thelathini na ushei nimewaambia watu kwamba niliibiwa Olimpiki. Nimewaambia wenzangu wa kupakia mizigo uwanja wa ndege, nimemwambia hata daktari wa meno, na mke wangu ameisikia hadithi hiyo mpaka nikifika pale ninapokaribia utepe huinuka kwenda kuosha vyombo. Mbio za mchujo, Dar es Salaam, mita mia. Nilishinda! Lakini kushinda hakukutosha, ilibidi nifikie muda uliowekwa. Mshika saa wangu, Mhindi mmoja mwembamba, akasoma saa yake akasema nimechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kabla sijaiona akabonyeza, mshale ukarudi sifuri.

Kidole chake ndicho kilichochelewa, nilisema, nikala yamini. Nikahamia London, nikaoa, nikakaa Hounslow, nikanenepa, na bado nasema.

Jumamosi moja nilikwenda na binti yangu mtaa wa Rayners Lane kutafuta unga wa muhogo. Katika duka moja karibu na stesheni, mzee alikuwa anachemsha chai nyuma ya kaunta, na mkononi ana saa ya kupimia mbio, anaangalia majani yasizidi kuiva. Nikamtambua: mshika saa wangu wa Dar.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi.

"Marahaba." Akanikagua kuanzia miguuni. "Ala! Njia ya nne! Wewe uliangalia pembeni, bwana."

"Sikuangalia popote. Kidole chako kilizubaa."

"Kidole hiki? Kidole hiki hakijazubaa tangu nizaliwe!"

Tulibishana mpaka chai ikafurika. Wateja walisahau walichofuata. Mwisho mzee akamwita mkewe ashike kaunta, akavaa koti, akasema tunakwenda bustanini kupima, sasa hivi, tumalize maneno.

Akahesabu hatua mia kwenye nyasi. Nikamnong'oneza binti yangu asimame karibu naye, apime kwa simu yake bila kumwonyesha. Nilitaka ushahidi. Akaniuliza kwa Kiingereza, lugha anayonijibia siku zote, kama bima yangu ya maisha bado ipo.

Mzee akapunga leso, nikachomoka. Wallahi nilichomoka! Viatu vya ngozi, tumbo mbele, upepo masikioni, na ndani ya kifua furaha ambayo nilidhani niliiacha Dar. Nilikuwa najisikia kijana kabisa. Hatua kumi kabla ya mwisho mbwa wa watu akaja kukimbia ubavuni mwangu, nami nikageuka kumtazama.

"Umeangalia tena!" mzee akapiga kelele. "Tena! Pale pale!"

Safari hii hakubonyeza kuurudisha mshale sifuri. Akanipa saa niisome mwenyewe. Sekunde kumi na tisa nukta mbili. Binti yangu akageuza simu yake: kumi na tisa nukta mbili. Nikakaa chini kwenye nyasi zenye maji, nikacheka mpaka mzee naye akaketi, akanishika bega, tukacheka wote. Akatupa unga wa bure, akanialika chai Jumamosi ijayo.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Nilitegemea anicheke. Badala yake akafunga bomba la maji akanigeukia, mikono ikidondosha povu. Siku ile ya mchujo tulikuwa hatujaposana. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, amekuja uwanjani na wenzake.

"Ni kweli uliangalia pembeni," akasema. "Uligeukia jukwaani ukanitazama mimi. Kwa nini unadhani hadithi ikifika pale huwa nainuka?"

Miaka yote hiyo alikuwa amejibebesha lawama ya Olimpiki yangu peke yake, nami nikimrudishia kila wageni wakija. Nilimkumbatia na povu lake.

"Basi sikuibiwa," nikamwambia.

Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha sahani.