Mvua Juu ya Tembe

Nyumba yangu ya Ipagala nimeijenga kwa jasho langu, bati la rangi, stashahada ukutani. Lakini harufu ya udongo uliolowa ikiingia dirishani, mwili hunisisimka kama siku ile mvua ilipolemea paa la udongo la tembe la bibi.

Boriti zililia, matope yakatudondokea shingoni.

"Bibi, paa linaanguka!"

"Taja! Ibrahimu, Isaka, Yakobo..."

Majina ya Biblia yalipokwisha, akaunganisha ya babu zetu.

"Si wote walikufa?"

"Walikufa wakiwa wameshazaa. Mungu hakumwacha hata mmoja. Endelea!"

Alipofikia jina langu, mkono wake ulitetemeka kuliko wangu. Paa halikuanguka.

Leo radi imepiga, binti yangu amenirukia mapajani.

"Taja," nimemwambia, nikiuficha mkono wangu. "Ibrahimu..."