Mimea Chini ya Magunia ya Maharage

Kariakoo hakuna siri, kwa hiyo mtaa mzima ulijua kwamba Hyasinta, binti wa Mama Mektilda muuza maharage na karanga, anasomea majani chuo kikuu. "Ni botania," alisahihisha, na wateja wakazidi kucheka. Mama yake hakuelewa, ila hakucheka. Alimwachia kona ya stoo.

Humo Hyasinta alikausha mimea thelathini aliyoichuma bonde la Jangwani kwa kazi yake ya mwaka wa mwisho. Kila mmea aliulaza ndani ya gazeti, juu akapandisha magunia mawili ya maharage. Gazeti likilowa sharti libadilishwe, la sivyo mmea unaota ukungu. Jina la mmea na mahali alipouchuma aliandika pembeni mwa gazeti lenyewe. Bila maelezo hayo, chuoni mmea ni nyasi tu.

Wakati wa mitihani alilala hosteli siku nne. Aliporudi Ijumaa, kazi ikitakiwa Jumatatu, mimea ilikuwa imekauka vizuri, kwenye magazeti mapya.

"Nimekubadilishia kila jioni," mama alisema, furaha imemjaa.

"Na yale ya zamani, mama?"

"Si nimefungia wateja karanga."

"Umenimaliza, mama! Miaka mitatu yangu!"

Mama wa watu alikaa juu ya gunia, mikono kichwani. Inauma kuharibu kwa mapenzi.

Kesho yake, Jumamosi ya biashara, Mama Mektilda hakufungua duka. Majirani wakauliza nani kafariki. Kumbe yuko Jangwani na bintiye, sketi ameikunja, wanapita na mimea mikavu wakiulinganisha kila mmoja na ndugu zake walio hai, mpaka Hyasinta akumbuke alipouchuma. Macho yaliyozoea kuchambua maharage hayakosei. Mimea kumi na tisa aliitambua yeye, Hyasinta kumi na mmoja.

Jioni Hyasinta aliandika lebo. Penye jina la mkusanyaji akaweka majina mawili.

"Hilo la pili la nani?"

"Lako, mama. Mimea hii itatunzwa chuoni hata sisi tukiwa hatupo."

Mama alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Basi liandike kamili. Mektilda Polycarp Komba. Baba yangu alilima maisha yake yote, na jina lake halijawahi kuandikwa popote."