Nguo za Bibi Ruth Kwenye Benchi

Likizo ni ruhusa ya kuondoka yenye tarehe ya kurudi.

Ndivyo nilivyowaeleza waumini wa kanisa letu la mtaa wa Lindi, kwa kuwa mimi ndiye mkalimani wa mmisionari wetu, Bibi Ruth, anayekwenda likizo kwao ng'ambo kwa mwaka mmoja.

Leo, baada ya ibada, alitandaza nguo zake zote kwenye benchi ili akina mama anaowafundisha ushonaji wachague.

Hakuna aliyesogea.

(Sisi tuliotoka mkoa wa Magharibi hugawana nguo za mtu akishazikwa. Nilipaswa kumwonya.)

Mama Nafula, mmoja wa akina mama hao, akasema, "Ai, Bibi Ruth! Nguo hugawanywa mwenyewe akiwa kaburini. Wewe jana tu umenimalizia ugali! Sasa ukirudi utavaa nini, gunia?"

Kanisa zima likacheka.

Nikatafsiri, neno kwa neno.

Bibi Ruth hakucheka. Alimtazama mumewe, naye mumewe akatazama sakafu.

Kicheko kikafa, benchi baada ya benchi.

Mama Nafula akazikunja nguo moja moja, akazifunga kwa leso aliyojifunga kiunoni. "Tutakuwekea."

Nikatafsiri hilo pia.

Niambieni: mngemuuliza pale pale kama atarudi, au mngemwacha Mama Nafula aondoke na furushi lake?