Neno Asilolisugua

Msugua vibao vya shaba wa Southwark, London, huja na ukungu wa mto, mfukoni ana kopo la dawa ya kung'arishia na kitambaa kilichokuwa zamani shati la mistari. Vidole vyake vinanuka sarafu. Kwanza huingia mgahawani kwa Doreen, hugonga sakafu kwa kisigino mara tatu, taratibu, ndipo aagize chai. Doreen alidhani ni vituko tu vya uzee. Kisha huvuka barabara akasugua kibao cha kumbukumbu ya gereza la kale, herufi moja moja, midomo ikichezacheza kama anayembembeleza mtoto alale, mpaka maneno yote yang'ae isipokuwa lile la kwanza. HAPA hulipita tu. Limekuwa jeusi kama masizi.

“Babu, macho ndiyo yamekwisha?” Doreen alimtania siku moja mzee alipokuja kurudisha kikombe. “HAPA umeliacha tena.”

“Siwezi kung'arisha uongo, binti yangu. Walipojenga upya huku, kibao walikihamishia ng'ambo ya barabara. Gereza lenyewe lilikuwa hapa, chini ya birika lako.”

Doreen aliitazama sakafu. “Ndiyo maana unagonga?”

“Napiga hodi. Miaka yote ile, kila aliyewafungulia wafungwa mlango aliingia tu, bila hodi.”

Akatoka, ukungu ukammeza kuanzia miguuni. Kesho yake alfajiri Doreen alisimama mbele ya mlango wa mgahawa wake mwenyewe, ufunguo mkononi. Akagonga mara tatu, akangoja.