Nyumba Isiyopitisha Upepo

Ansgar Rudvik alikuwa seremala, na katika mji wetu wa Hasken, kaskazini mwa Minnesota, hakuna aliyebisha kwamba mkono wake ulikuwa na kipaji. Mlango alioupachika Ansgar ulifungika kwa kusukumwa na kidole kimoja. Dirisha lake halikulia hata tufani ipige vipi. Watu walikuwa radhi kumsubiri msimu mzima kuliko kumpa kazi fundi mwingine. Naye alilijua hilo, wala hakujifanya halijui.

Hakuwa msemaji. Mkewe, Idella, mpishi wa shule ya msingi, alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na watu walitania kwamba siku ya harusi yao maneno yaligawiwa kwa nyumba, si kwa mtu, na Idella akawahi fungu lote. Walizaa binti mmoja, Marit, aliyeolewa Duluth. Binti alipoondoka, maisha ya Ansgar yakabaki na majira mawili, ya kujenga na ya kuvua.

Ziwa Tamarack huganda kabla ya Krismasi. Barafu ikishakuwa nene kiasi cha kubeba gari, vibanda huanza kuota juu yake: vya mbao, vya bati, vya turubai. Ndani unakuta benchi, jiko, na matundu sakafuni yanayolingana na matundu ya barafu chini yake. Mtu hukaa hapo na fimbo fupi ya kuvulia, anakunywa kahawa, anasubiri. Kwa miaka mingi Ansgar alitumia kibanda cha bati alichorithi kwa baba yake, chenye jiko la kuni lililoliwa na kutu. Bomba la moshi lilipooza kabisa na kuanguka, akasema sasa basi, atajenga chake.

Alikijenga kiangazi kizima, kwenye banda la nyuma ya nyumba, akiahirisha kazi za watu. Kuta alizifanya za mbao mbili-mbili, katikati akashindilia povu gumu la kuzuia baridi. Kila kiungo alikiziba kwa gundi ya silikoni. Mlango aliuzungushia mpira pande zote nne, na dirisha akalitia vioo viwili. Jiko la kuni hakulitaka tena. Alinunua hita ya gesi, ile inayofungwa juu ya mtungi, yenye uso wa duara unaoiva ukawa mwekundu. Haina bomba la moshi, na hilo ndilo lililompendeza. Bomba ni tundu, alisema, na tundu ni upepo.

Siku kilipoburutwa kuingizwa ziwani, watu walikwenda kukiona kama wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga. Delmar Lampi naye alikuwepo. Delmar, aliyesoma darasa moja na Ansgar, alikuwa dereva wa gari la kuondoa theluji barabarani. Kibanda chake alikiunga kwa milango ya zamani aliyoiokota hoteli fulani ilipobomolewa, na nyufa zake zilikuwa pana kiasi kwamba mchana hukuhitaji taa. Ndani alikuwa na jiko alilolikata kutoka kwenye pipa, na bomba la moshi lililopinda kama kiwiko.

Delmar alikizunguka kibanda kipya, akakigonga kwa ngumi, akatikisa kichwa.

"Bwana wee, umetengeneza friji. Ila umekosea, baridi umeiacha nje."

"Na chako ni kapu," Ansgar akajibu.

"Kapu langu lina joto."

"Lina joto upande wa jiko. Upande wa pili makalio yanaganda."

"Ndiyo maana huwa najigeuzageuza. Mtu akiwa na umri wetu anahitaji mazoezi." Watu wakacheka. Delmar akachungulia ndani, akatazama dari, akatazama kona. "Hewa inapitia wapi?"

"Nikitaka hewa nitafungua mlango."

Ikawa ndiyo hivyo. Wiki za mwanzo Ansgar alivua akiwa amevaa shati tu, huku nje pua za watu zikikatika kwa baridi. Alifurahi, kwa namna yake ya kufurahi, yaani alinyamaza zaidi. Kuna mambo mawili tu hakuyapenda. La kwanza, maji yalichuruzika kwenye kuta na dirisha likalia machozi kutwa. La pili, kichwa kilimuuma. Kilianza taratibu kama saa ya kahawa ya pili, kikapanda, na akishatoka kurudi nyumbani kikapungua njiani. Alimweleza Idella.

"Ni miwani hiyo," Idella alisema. "Nimekwambia tangu mwaka jana ukapimwe macho."

"Siyo miwani."

"Basi ni uzee. Huo hauna daktari."

Jumamosi moja ya Januari upepo ulishuka kutoka Kanada, ule unaofanya misumari ya paa itoe mlio. Ansgar alikunywa uji wake wa shayiri, akachukua thamosi na ndoo ya chambo, akaenda ziwani. Idella alibaki akipika supu ya maharage ya mlo wa kanisa. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali, Ansgar aliifungulia hita yote, na ufa pekee uliobaki chini ya mlango, mpira ulipoachia kidogo, akauziba kwa gunia.

Adhuhuri Delmar aliishiwa na chambo. Vidagaa vyake viliganda kwenye ndoo vikawa donge moja, akatoka kwenda kuomba kwa jirani. Aligonga mlango wa Ansgar. Kimya. Akagonga tena, akaita kwa majina ambayo hawezi kuyarudia mbele ya mchungaji. Gari la Ansgar lilikuwa pale pale. Kutoka ndani akasikia kitu kikigongagonga sakafu, tap, tap, kikinyamaza, kikianza tena. Akavuta mlango. Ule mpira uliushika, ikabidi aweke mguu ukutani ndipo ufunguke.

Ansgar alikuwa amekaa kwenye benchi, ameegemea ukuta wake mzuri, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka likizo ya pwani. Ametapika kifuani. Fimbo ya kuvulia ilikuwa imeanguka ikakwama juu ya tundu, na samaki aliyenasa chini ndiye aliyekuwa akiivuta na kuigongesha. Hita iliwaka bado, lakini moto wake ulikuwa wa manjano, dhaifu, unayumba.

Delmar alicheka kwanza. Alidhani mwenzake amelewa. Kisha akakumbuka kwamba Ansgar hakuwa mnywaji, na wakati huohuo akahisi sakafu inamkimbia miguuni. Hakungoja zaidi. Alimkamata kwapani, akamburuta kinyumenyume hadi nje kwenye theluji, akapiga kelele. Watu wa kibanda cha jirani walitoka, na mmoja akarukia pikipiki yake ya theluji kwenda dukani ufukweni kupiga simu. Delmar alivua koti lake, akamfunika Ansgar, akaanza kumpiga makofi ya mashavu.

"Amka, wewe mzee. Husikii? Amka, ng'ombe wewe. Sitakubali unifie mikononi halafu Idella anile nyama. Pumua! Hapa hewa ni ya bure, pumua!"

Ansgar alifumbua jicho moja. "Funga mlango," alisema. "Joto linatoka." Akalifumba.

Walimpeleka hospitali, na kutoka hapo akapelekwa Duluth, ambako kuna chemba ya kumshindilia mtu hewa safi mpaka sumu itoke kwenye damu. Marit alimkuta huko mama yake amekaa mlangoni na sufuria ya supu mapajani. Aliibeba kutoka jikoni kwake bila kujua ameibeba.

Daktari, mwanamke wa makamo, aliwaeleza bila kuzungusha. Hita ile inahitaji hewa kama anavyoihitaji mtu. Chumba kikiwa hakina pa kuingizia hewa mpya, moto hukosa cha kula, ukaanza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, akadhani ni mafua. Kisha hupata usingizi. Huo usingizi ndio unaoua.

"Kwa hiyo kile kichwa," Idella alisema.

"Ndicho."

Idella hakusema neno lingine siku ile, na waliomjua wanasema hilo ndilo lililowatisha kuliko mashine za hospitali.

Ansgar alirudi nyumbani, lakini hakurudi kamili. Maneno yalimpotea katikati ya sentensi. Angepima ubao, akageuka kuchukua msumeno, na kipimo kikawa kimeshamtoka. Kwa jirani mmoja alijenga ngazi ambayo kidato kimoja kilikuwa kirefu kuliko vingine, na kila aliyepanda alijikwaa hapo. Jirani hakulalamika. Aliita fundi mwingine kimyakimya akairekebisha. Ansgar aliipita nyumba ile, akaiona ngazi, akajua. Alimwambia Idella angependa zaidi kama jirani angemtukana.

Kibanda nacho kilikuwa kingali ziwani. Idella alitaka kichomwe. Ansgar alikataa, lakini pia hakukikaribia. Mwezi wa pili Delmar alikuja nyumbani, akakataa kahawa, jambo lisilo la kawaida, akasema:

"Twende tukakitoboe."

Walikwenda watatu, Idella akiwemo, mchana wa jua. Ndani palikuwa na baridi kuliko nje. Ansgar alipapasa ukuta kwa kiganja, akachora duara kwa penseli karibu na sakafu. Akachukua keekee ya umeme, akaiweka kwenye alama. Hakuibonyeza. Akaishusha. Akaiinua tena. Delmar alitazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Siwezi," Ansgar akasema. "Sijawahi kuharibu kazi yangu."

"Nipe," Idella akasema.

"Hujawahi kushika keekee."

"Nimekata mizoga ya batamzinga kwa miaka yote hiyo, mbao zitanishinda? Nipe. Wapi, hapa?"

"Hapo. Na jingine juu, ukuta wa pili, ili hewa iingie chini itokee juu. Usikandamize, acha chuma kifanye—umeenda upande!"

"Nimeenda ninakotaka."

"Duara limepinda, Idella."

"Na wewe umepinda, lakini tunakutumia."

Delmar ndiye aliyecheka kwanza. Ansgar naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akaketi kwenye benchi, mikono usoni. Idella aliendelea kutoboa. Upepo mwembamba ulipoingia, unga wa mbao ukaruka, ukawatua wote nyweleni.

Hita ile ya duara waliitupa. Badala yake waliweka jiko lenye bomba la kutokea nje, mtungi wa gesi ukakaa nje ya ukuta, na Idella akatundika ukutani king'ora kidogo cha betri kinacholia hewa ikichafuka. Kila Ijumaa alikibonyeza kukijaribu, kikalia mpaka mbwa wa majirani wakaitikia.

Ile siku yenyewe Ansgar hakuikumbuka kamwe. Alimwomba Delmar amsimulie, na Delmar alimsimulia kila baridi ilipoingia, akiongeza chumvi. Mwishowe alifika mahali pa kusema kwamba alimbeba begani ziwa zima huku akiimba. Ansgar hakubisha. Alimwambia Idella kwamba mtu akikuokoa, mwache aseme atakavyo.

Wavuvi wengine nao walitoboa vibanda vyao bila kutangaza. Wengine walikuja uani kwa Ansgar wakajifanya wanauliza habari za mabomba ya moshi, bomba la upana gani, lipite wapi darini lisiunguze mbao. Aliwajibu, na neno likimpotea alichora kwenye kipande cha ubao. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya uvuvi ambayo huleta watu kutoka miji yote ya jirani, kamati ilimwomba aseme machache kabla ya kengele ya kuanza. Hakuna aliyeamini angekubali. Alipanda kwenye trela, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kichwa kikikuuma, toka nje," alisema. "Usimalize kwanza kahawa."

Watu walisubiri aendelee. Aliwatazama kidogo, akamrudishia mwenye kipaza sauti chake, akashuka.

Nyumba za watu hakujenga tena. Alibaki na makabati, meza, na milango michache, kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya polepole. Idella alipostaafu upishi wa shule, alihamia kwenye banda la nyuma. Yeye ndiye anayeshika futi ya kupimia na kusoma kipimo kwa sauti, Ansgar anakata. Kabati la mwisho nililoliona wakilitengeneza lilikuwa la Marit. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza.

"Soma tena," alisema Ansgar.

"Nimekusomea mara tatu."

"Soma."

Akasoma.